Neno Nililolitoa Ubaoni

Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kuokota pini. Baba ni fundi nguo, na chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu, mlango mmoja barabarani, mlango mwingine jikoni. Alikuwa amefunga sumaku kwenye ncha ya fimbo. Niliipitisha chini ya meza ya kukatia, chini ya cherehani mbili, hadi kwenye pembe anakolala paka, na pini zikaruka kuishika, tiki, tiki, tiki. Kisha nilifagia vipande vya vitambaa, nikatia mafuta kwenye mashine, nikanywa chai nimesimama.

"Kaa chini unywe," Mama aliniambia kila siku. "Chai ya kusimama inaishia miguuni."

Kila siku nilimjibu kwamba nimechelewa, na kila siku ilikuwa kweli.

Shuleni waliniita Cherehani. Mnaweza kudhani ni kwa sababu ya kazi ya Baba, lakini wapi! Ni kwa sababu ya mdomo. Nikianza kusema sisimami mpaka uzi ukatike. Nililipenda jina hilo. Mtu akiita "Cherehani!" nilijua ananiita nikachekeshe watu. Naomba mlikumbuke hilo, kwamba mimi jina langu la utani nililipenda, maana ndilo lililonidanganya nikadhani kila mtu hupenda la kwake.

Darasa letu lilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane na madawati kumi na tisa. Kila dawati watu wawili. Mimi nilikaa na rafiki yangu Kidole, tuliyemwita hivyo kwa sababu kidole chake kilikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza swali, hata kama jibu lenyewe hana. Basi katikati ya muhula akaja msichana mgeni. Walimletea dawati kuukuu kutoka stoo, wakaliweka nyuma kabisa karibu na dirisha, akakaa peke yake.

Alikuwa msichana mpole mwenye mambo yake. Aliandika kwa mkono wa kushoto, daftari ameligeuza upande kama sinia, na wino ukimchafua kiganja. Akisoma, midomo yake ilicheza bila sauti. Akiulizwa swali hakujibu papo hapo. Aliangalia dari kwanza, akafikiri, ndipo akasema, na mara nyingi alikuwa amepatia. Sisi tulizoea kujibu kwa kupiga kelele. Kwetu mtu anayefikiri kabla ya kusema alikuwa kioja.

Jumanne moja Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno manne: nyundo, msumeno, patasi, ndizi. Aliyaandika kwa Kiingereza, bila shaka.

"Moja hapa si mwenzao," alisema. "Waingereza wanaliita odd. Lizungushieni duara. Fanyeni wawili wawili."

Tukageukiana. Kidole alikuwa ameshazungushia ndizi kabla sijafungua kalamu. Mwalimu akatazama darasa zima, akauliza, "Kuna ambaye hana mwenzake?"

Hapo ndipo ulimi wangu, ambao kama ndimi zote hauna mfupa, uliponiponyoka. Nilisimama kabisa, jamani, nikanyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Mwalimu, odd mwenyewe yule pale nyuma! Tumzungushie duara?"

Darasa lililipuka. Watu walipiga madawati. Mwalimu aliniambia nikae, lakini niliona amebana midomo asicheke, na kichwa kikanivimba. Nilipogeuka kumwangalia yule msichana, alikuwa ameinamia daftari lake, anaandika. Aliendelea kuandika mpaka ncha ya penseli ikakatika, kisha akabaki ameishika tu.

Wakati wa mapumziko hakuwa tena na jina lake. Alikuwa Odi. "Odi, mpira huo!" "Odi, sogea!" Wadogo wa darasa la tatu, ambao hata Kiingereza chenyewe hawajui, walimwita Odi na kukimbia. Wenzangu walinipiga mgongoni. "Cherehani, umeshona jina, limemkaa!" Nami nilicheka. Sitawaficha, nilicheka sana.

Jumatano asubuhi tulikuta mtu amechora duara kubwa la chaki sakafuni, limezunguka dawati la nyuma na kiti chake. Hadi leo sijui ni nani aliyelichora. Chaki ilikuwa yake, lakini neno lilikuwa langu. Yule msichana aliingia, akafika kwenye ule mstari, akasimama kama mtu aliyefika kwenye dimbwi asilojua kina chake. Darasa zima lilikuwa kimya likimtazama. Akauvuka, akakaa, akatoa vitabu. Jioni, wakati sisi tunagombania mlango, nilimwona amechuchumaa analifuta duara kwa leso yake. Nikajifanya sijamwona, nikaenda zangu.

Alhamisi hakuja. Ijumaa pia hakuja.

"Odi wako haji shule siku hizi," Kidole aliniambia.

"Si wangu!" nilimjibu kwa hasira.

"Aliyempa jina nani, mimi?"

Sikuwa na la kusema, na mkiona Cherehani hana la kusema, jueni uzi umekatika kweli.

Ijumaa hiyo jioni nilikuwa chumba cha kazi nakunja mabaki ya vitambaa, mlango wa barabarani ukagongwa. Akaingia mama mmoja aliyevaa miwani, kidole chake cha shahada kina doa la wino mwekundu. Nyuma yake alikuwa yule msichana. Nikahisi damu yote imeshuka miguuni, pamoja na ile chai.

"Shikamoo," msichana alimwamkia Baba.

"Marahaba, mama. Karibuni, karibuni. Kaeni hapo, mkimfukuza paka hatakasirika."

Yule mama alitoa kitambaa kwenye mfuko. Kilikuwa cha miraba ya kijani. Sare yetu ni ya buluu.

"Fundi, nataka blauzi ya shule," alisema. "Kitambaa ndicho hiki tu, hakuna zaidi, nimekipata kwa mama mmoja mwenye mtoto katika shule anayohamia binti yangu. Ni shule iliyo karibu na kwa dada yangu. Jumatatu saa ya mapumziko nakwenda kuchukua barua ya uhamisho wa binti yangu, na Jumanne anasafiri."

"Katikati ya muhula?" Baba aliuliza. "Kulikoni?"

"Hapa wamempa jina." Alisema hivyo tu, akavua miwani na kuifuta. "Mimi kazi yangu ni kusoma vitabu kiwandani kabla havijachapwa, nikamate makosa. Naweza kufuta kosa lolote la karatasi, fundi. Hili la kwenye vinywa vya watoto siwezi. Binti yangu ana siku tatu hali chakula vizuri."

Niliinama kwenye vitambaa vyangu. Nilingoja yule msichana aninyooshee kidole. Alikuwa amenitambua, maana macho yetu yaligongana alipoingia. Nilingoja aseme, "Ni huyu hapa." Hakusema neno. Alisimama wima huku Baba akimpima mabega kwa futi yake ya kamba.

"Unaandika kwa mkono wa kushoto," Baba alisema.

"Umejuaje?" msichana aliuliza.

"Bega hili limeshuka kidogo. Mkono unaofanya kazi hulivuta. Ukiandika muda mrefu, nguo hukubana hapa kwapani?"

"Ndiyo. Inanikata."

"Basi upande huu nitauachia nafasi. Na mfuko wa kifuani, watu wote huwekewa kushoto ili wachukue kalamu kwa mkono wa kulia. Wewe nikuwekee kulia?"

Yule msichana alimtazama Baba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona anatabasamu. "Inawezekana?"

"Mfuko ni mali ya anayeuvaa," Baba alisema, akaandika vipimo vyake.

Walipoondoka, Baba alitandika kile kitambaa mezani. Tangu mwaka uliopita alikuwa ameniamini kukata mikono ya blauzi, na kwa kawaida nilijiona mtu mkubwa nikipewa mkasi. Mkono wa nguo una mbele na nyuma. Mbele umechimbwa zaidi, nyuma umejaa. Kitambaa kikitosha unakikunja, unakata mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto. Kikiwa kidogo kama kile, unakata mmoja, kisha unaigeuza pateni, yaani ile karatasi ngumu ya kufuatisha, ndipo ukate wa pili. Mtoto wa fundi hasahau kuigeuza. Anaweza kusahau jina la bibi yake, lakini si hilo.

Mimi nilisahau. Mkono ulikuwa unakata, akili iko kwenye lile duara la chaki.

Baba ana desturi yake. Ukishakata mikono unailaza mezani uso kwa uso, na anauliza, "Imesalimiana?" Ikilingana kila pindo, imesalimiana. Alikuja, akailaza ile ya kijani. Mmoja ulichimbwa huku, mwingine ulichimbwa kule. Nilikuwa nimekata mikono miwili ya kushoto. Nacho kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo, upande mmoja rangi imeiva, upande wa pili imefifia; huwezi kuugeuza mmoja ukadanganya watu.

"Haijasalimiana," Baba alisema polepole.

"Ni pateni, Baba. Imepinda."

Baba aliiokota pateni, akaitazama mbele na nyuma, akairudisha. "Pateni hii imekuzidi umri. Haijawahi kupinda."

"Basi kitambaa kiliteleza."

"Enhe. Na baada ya kitambaa, tutamsingizia paka?" Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hafanyi wakati wa kazi. "Binti yangu, njia ya mwongo ni fupi. Umefika mwisho wake, sasa hivi utagonga ukuta. Una nini?"

Nikaangua kilio. Nililia mpaka Mama akachungulia kutoka jikoni, Baba akamwashiria kwa mkono atuache. Nikamwambia yote: ubao, ndizi, nilivyosimama, duara, leso. Nikamwambia kwamba yule msichana alinijua akaninyamazia. Baba hakunikatiza. Nilipomaliza aliikunja futi yake, akaiweka mezani.

"Kesho saa nne watakuja kuijaribisha blauzi," alisema mwishowe. "Utawaambia."

"Baba, nisemee wewe. Nakuomba. Wewe ni mtu mzima, watakusikiliza."

"La kitambaa nitalisema mimi, kwa sababu chumba hiki ni changu na mkasi nilikupa mimi. La mdomo ni lako. Mimi sikuwepo."

Jumamosi saa nne walikuja. Baba hakuzungukazunguka. Aliwaonyesha ile mikono miwili, akawaambia kosa limefanyika mezani pake, akaomba radhi. Yule mama alishika kiuno. "Lakini fundi, nilikuambia kitambaa ndicho hicho tu!"

Baba alinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi haikupasuka, huwa haipasuki ukiihitaji.

"Mimi ndiye niliyekata," nilisema. "Na mimi ndiye niliyempa lile jina. Jina la Odi. Nilisema darasani watu wakacheka, na kila mtu akalichukua. Nisamehe, mama. Nisamehe, dada."

Yule mama alinitazama kwa muda mrefu. Niliona hasira imepanda usoni mwake, ikakaa pale, kisha ikashuka kidogo. "Wewe," alisema. "Na ulikuwa hapa jana, nikisema, unasikia."

"Ndiyo."

Akamgeukia binti yake. "Ulijua ni yeye?"

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukusema?"

"Baba yake alikuwa ananiuliza nguo inanibana wapi," alisema yule msichana. "Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Sikutaka kumwaibisha mbele ya mtoto wake."

Baba aligeuka akawa anatafuta kitu kwenye rafu. Najua hakukuwa na kitu pale.

Yule mama alikaa. Paka alijaribu kupanda mapajani mwake, akamwacha apande. "Unajua maana ya hilo neno ulilomwita?" aliniuliza.

"Mwalimu alisema ni kitu kisichofanana na wenzake."

"Hiyo ni maana ya leo. Kazini kwetu kuna kamusi kubwa, ukiibeba inakuvunja mkono, inaeleza kila neno la Kiingereza lilikotoka. Alhamisi nililitafuta. Nilitaka nione tusi walilomtukana mwanangu lina sura gani." Alitikisa kichwa. "Sikukuta tusi. Lilianzia kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, mabaharia wa zamani sana. Kwao ilikuwa ncha ya nchi kavu, ile inayochongoka kuingia majini. Ncha ikawapa wazo la pembe ya tatu, unaona? Chora mstari, una ncha mbili, weka nyingine juu, umepata pembetatu. Basi neno likawa la yule wa tatu, anayebaki wawili wakishapatana."

"Anayebaki peke yake," nilisema kwa sauti ndogo.

"Ngoja kwanza, usikimbie. Watu hao wakibishana, wengine huku na wengine kule, idadi ni sawa, hakuna anayeshinda, walimtafuta mmoja wa kuongezea. Yeye ndiye aliyekata shauri. Naye walimwita kwa neno hilohilo. Alikuwa mtu wa heshima! Waingereza wakalichukua, kwanza kwa hesabu, namba isiyogawika kwa mbili. Miaka ikaenda, mia moja, mia mbili, ndipo wakaanza kumwita hivyo mtu wanayemwona kioja. Neno lenyewe halikufanya kosa. Ni midomo iliyolipitisha ndiyo iliyolibadilisha."

"Kama koti la mitumba," Baba alisema kutoka kwenye rafu. "Kila anayelivaa analitanua mahali."

"Sawasawa, fundi. Na huyu wako amelitanua likamwangukia mwanangu."

Sikuwa na pa kuweka macho. Nikamwambia tena yule msichana, "Nisamehe." Alitazama dari. Alifikiri. Tulimngoja wote watatu, hata paka.

"Hapa tuko wanne," alisema. "Siku ile tulikuwa thelathini na tisa. Ukitaka kuniomba msamaha, niombe pale uliposemea."

Ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilijua ana haki. Lakini mnajua alichokuwa ananiomba? Nisimame mbele ya watu wanaonipenda kwa sababu nawachekesha, niwaambie kwamba kichekesho changu kikubwa kilikuwa ubaya. Jumapili nzima niliyapanga maneno na kuyapangua. Mama alinipikia uji, nikaunywa nimekaa chini bila kuambiwa, ndipo akajua nina hali mbaya.

Jumatatu yule msichana alikuja. Aliketi kwenye dawati lake la nyuma, mkoba mapajani, haujafunguliwa. Mama yake angefika saa ya mapumziko kuchukua barua. Kipindi cha Kiingereza kilikuwa cha mwisho kabla ya mapumziko. Mwalimu alipoingia tu, niliinuka kabla Kidole hajainua kidole.

"Mwalimu, naomba kusema neno."

"Cherehani ana neno!" mtu alipiga kelele, na watu wakaanza kucheka hata kabla sijasema kitu. Walidhani nina kichekesho kipya. Nilikwenda mbele, nikashika ukingo wa meza ya Mwalimu.

"Jumanne iliyopita nilimwita mwenzetu odd," nilisema. "Mkacheka. Nikafurahi mlivyocheka. Kisha mkamwita Odi, mkamchorea duara, akaacha kuja shule."

"Si utani tu!" sauti ikatoka katikati. Wachache wakacheka.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," nilijibu. "Nilisema mimi, na nilisema kwa sababu nilitaka sifa. Yeye hakunikosea kitu. Aliponikuta nyumbani kwetu angeweza kuniumbua mbele ya Baba, akaninyamazia. Mimi ningemsema mpaka kwa jirani, mnanijua. Basi namwomba msamaha hapahapa niliposemea, na naomba nanyi mumwite jina lake. Jina lake mnalijua."

Hakuna aliyecheka. Kidole alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwalimu aliweka vitabu mezani, akasema, "Na mimi pia. Siku ile nilimwacha peke yake, na nilitaka kucheka. Mwanangu, nisamehe." Mwalimu kumwomba mwanafunzi msamaha! Darasa letu halikuwahi kuona jambo kama hilo.

Yule msichana alitazama dari. Jamani, dari ile! Sijawahi kuichukia dari kama siku hiyo. Halafu nikasikia zipu. Alikuwa amefungua mkoba, akatoa daftari, akaligeuza upande kama sinia.

Mwalimu aliandika zoezi ubaoni. "Fanyeni wawili wawili," akaanza, kisha akajikamata. "La. Dawati moja litakuwa na watu watatu."

Nilishaanza kukokota kiti. Tukalibeba dawati lake hadi kwetu, Kidole akishika huku, mimi kule. Swali la tatu tuligombana, Kidole na mimi, kama kawaida. Yeye alisema jibu ni la kwanza, mimi nikasema ni la pili, na hakuna aliyetaka kushuka. Tukamgeukia mgeni wetu kwa pamoja.

"Wewe unasemaje?"

Alifikiri. "La kwanza," alisema. "Cherehani, umekosea."

Kidole alicheka mpaka akaanguka kutoka kitini. Na yule msichana naye alicheka. Kengele ya mapumziko ilipogongwa tulimwona mama yake nje, miwani usoni, anaelekea ofisini. Binti yake alimkimbilia. Sikusikia walichosema, lakini niliona yule mama akigeuka katikati ya njia na kurudi kwenye lango, mikono mitupu, bila ile barua.

Ile mikono miwili ya kushoto Baba hakuitupa. Aliiunga na mabaki mengine ya kijani, akashona mfuko wenye mkanda mpana wa kubebea vitabu vizito, akampa yule mama abebee kamusi. Na blauzi ya buluu ya rafiki yangu, maana sasa alikuwa rafiki yangu, ilihamishiwa mfuko kulia na kupanuliwa kwapani. Watu waliuona. Mmoja akauliza kwa nini mfuko wake uko upande mwingine. "Kwa sababu kalamu yake iko upande huo," Kidole alijibu, na maneno yakaishia hapo.

Wiki iliyofuata Baba alinipima sare mpya, kwa kuwa ya zamani ilikuwa fupi. Nilisimama wima huku akipitisha futi mgongoni kwangu.

"Baba," nilisema, "kumbe mtu mmoja anaweza kuwa na bega moja chini na mtu asijue."

"Mtu mmoja?" Baba alicheka. "Nimepima watu miaka ishirini na mitatu. Walimu, wauguzi, maharusi, mpaka mkuu wa polisi. Sijawahi kukutana na mtu mwenye mabega yaliyo sawa. Hata mmoja."

"Hata mimi?"

Alinigeuza kwenye kioo, akaweka mikono yake juu ya mabega yangu. Nilitazama vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya ule wa kushoto, tena waziwazi. Lo! Miaka kumi na miwili, sikuwahi kuona.

"Tangu darasa la kwanza nakujazia bega hilo kidogo," Baba alisema. "Nakata, naongeza kitambaa kwa ndani, nashona. Ndiyo maana ukivaa unaonekana umenyooka. Hukujua kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekushonea kwa upendo. Sasa wewe ukimkuta mtu ambaye nguo inambana, usimnyooshee kidole. Muulize inambana wapi."

Akachukua chaki yake, akaandika kipimo cha bega langu la kulia, kisha cha kushoto, kila kimoja mahali pake.